Mama Akonaay na Magazeti ya Sukari

Mama yangu, Bernadina, alijiunga na darasa la elimu ya watu wazima pale Endagikot mwaka ule ule kaka yangu Akonaay alipokwenda Hanang kufanya kazi kwenye mashamba ya ngano. Hakuficha sababu. Alisema barua za mwanawe hatazipeleka kwa karani wa kanisa zikasomwe kwa sauti mbele za watu. Atazisoma mwenyewe. Miezi minane alibanana na wazee kwenye madawati ya watoto, akitafuna kalamu, mpaka akaweza.

Barua haikuja. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, na hata likizo Akonaay hakuja. Mama alikuwa anajua kusoma na hana cha kusoma, isipokuwa magazeti ambayo Mzee Zubery, mwenye duka mjini Mbulu, alifungia sukari. Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza.

Alisoma vichwa vya habari tu, kwa sababu herufi ndogo zilimchosha. Yaliyobaki alijijazia mwenyewe. Nilimwambia mara nyingi kwamba yale ni magazeti ya zamani. Alinijibu kwamba sukari ameinunua leo, na Mzee Zubery si mtu wa kumfungia mteja habari zilizochacha.

Siku moja karatasi ilisema TEMBO WAVAMIA MASHAMBA. Mama alipiga hesabu: tembo wakimaliza huko watatafuta kwingine, na kwingine ni kwetu. Tukavuna mahindi machanga shamba zima. Tulichemsha, tukachoma, tukagawa, mpaka majirani wakaanza kutukwepa. Karatasi nyingine ilikuwa imechanika chini: WANAWAKE WATAKIWA KUJITOKEZA KWA WINGI. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka, akaenda ofisi ya kata, akasimama mlangoni. Katibu alimuuliza ana shida gani. Akasema hana shida, amejitokeza. Alisimama pale mpaka saa nane mchana, akarudi akinung'unika kwamba wanawake wa siku hizi ni wavivu.

Nilicheka, lakini nilikuwa nimechoka. Mama hakuwa anatulia. Akipalilia, anasimama kutazama barabara. Akila, anainuka kabla hajashiba. Kila lori lililopanda kilima lilimtoa nje. Watu walimwita Mama Akonaay, na mimi Natalia ndiye niliyemchotea maji. Niseme ukweli, nilimwonea wivu mtu ambaye hata salamu hatumi.

Kisha, mwezi wa saba mwaka wa sabini na saba, sukari ikaja na hii: MASHINE MOJA YA KUVUNA YAFANYA KAZI YA WATU HAMSINI.

Mama alikaa chini. Kwa hesabu yake, shamba lenye mashine kumi limeshafukuza watu mia tano, na Akonaay yuko njiani, ana njaa, anaona aibu kupiga hodi. Jioni ile alinihamisha chumba kumpisha Akonaay. Kesho yake alimwomba jirani yetu Margwe kipande cha shamba ili mwanawe apate pa kulima. Keshokutwa yake alikwenda kwa mama wa Verediana, msichana wa kijijini kwetu, kuuliza kama binti huyo ameshaposwa, maana kijana asiye na kazi, alisema, asipopata mke atapata pombe. Siku ya nne Akonaay hajaonekana. Mama akafunga maharage, akashika kuku mmoja, akaniambia tunamfuata.

Tulifika Katesh, kule Hanang, kwa lori, na kesho yake lori la shamba likatuchukua. Ngano ilikuwa imeiva kila upande. Tulimwona Akonaay juu kabisa, kwenye kiti cha mashine ya kuvuna. Yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha.

Aliizima, akashuka mbio. "Shikamoo, Mama. Nani amefariki?"

"Marahaba. Hakuna aliyefariki." Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Alikuwa amenenepa. "Hukuandika."

Kaka yangu alitazama chini. Alisema ameanza barua mara nyingi, na kila akifika katikati anamwona karani wa kanisa amesimama mbele za watu, anasoma mambo yake na mama yake. Basi anaichana.

Nilishikwa na hasira. Miaka miwili yote, na mimi mwenyewe ninayejua kuandika sikuwahi kumtumia mstari mmoja kumwambia kwamba Mama sasa anasoma mwenyewe. Nilikuwa nikingoja aanze yeye.

Mama alitoa karatasi ya sukari kwenye kanga, akaikunjua juu ya gurudumu la mashine, akaweka kidole. Alisoma polepole, neno kwa neno, mpaka WATU HAMSINI. Akonaay alifuata kile kidole kwa macho mpaka mwisho. Kisha alijifuta uso kwa mkono wenye grisi.

"Nitakuandikia, Mama," alisema. "Kwa herufi kubwa."

"Andika hata kwa ndogo," Mama alisema. "Miaka miwili nasoma habari za watu wengine."