Chokaa Niliyoila Mwenyewe

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishtua mimi. Niliacha shule darasa la tano, nikaingia timbo la mawe huko Tiwi na sururu ya kuazima. Leo nyumba nyingi uzionazo kati ya Ukunda na Msambweni zimejengwa kwa mawe yangu na kupakwa chokaa yangu. Ukuta wa timbo umewahi kuniangukia, nikatoka. Matanuri ya chokaa ninayo mawili, malori mawili, na hakuna aliyenishika mkono ila Mola. Kwa hivyo haya siyaelezi kama mtu aliyeshtuka. Nayaeleza kwa kuwa watu wanayaeleza visivyo.

Yalianzia kwenye lori. Niliteleza nikishuka, nikajikinga kwa mkono, ukavunjika hapa penye saa. Hospitali walinifunga plasta, wakanipa vidonge vya kalsiamu. Nikauliza ndiyo nini hiyo. Wakaniambia ni madini yanayojenga mfupa, hayo hayo yaliyomo kwenye mawe ya chokaa.

Sasa mtu kama mimi huwezi kumwambia neno hilo halafu umwache aende zake nyumbani.

Mimi ni mla tambuu. Jani, popoo, katu kidogo, na chokaa ya kupaka. Na chokaa ni yangu, ya tanuri langu, nimeilowesha na kuichuja mwenyewe, naiweka kwenye kopo dogo mfukoni mwa kanzu. Wengine hupaka kama wanaogopa. Mimi nikaanza kupaka kama fundi, maana ufa huzibwa kwa chokaa, hilo sikufundishwa na mtu. Vidonge nikameza mara mbili ya nilivyoandikiwa. Maziwa nikanywa jagi zima asubuhi, jagi jioni. Kiungulia kilipokuja nikatafuna vile vidonge vyeupe vya dukani, kumbe navyo ni chokaa vilevile. Mkono ukaunga upesi, nami nikajisifu barazani kila aliponipitia mtu.

Kisha ikaja kiu. Nakunywa, nakojoa, nakunywa tena. Choo kikagoma. Halafu kikaja kitu ambacho sikukijua kuwa ni ugonjwa, maana hakikuuma: kila kitu kilinyamaza. Lori likafa injini njiani, nikapigiwa simu, nikasema sawa. Tanuri zima likatoa mawe mabichi, kuni zote zimekwenda bure, nikasema sawa.

"Bwana wee, siku hizi hata kugomba hugombi," mke wangu akaniambia. "Umeoa mke wa pili nini, roho ikatulia?"

"Sina nguvu hata za wa kwanza."

"Basi twende hospitali."

"Kufanya nini? Mfupa umeshaunga."

Akaniacha, kwa kuwa arusi ya binti yetu ilikuwa imekaribia na mapishi yalikuwa yanamngoja. Ni binti wa pekee, sina mtoto mwingine.

Nikahi ilisomwa msikitini baada ya Alasiri. Nimeushika mkono wa bwana arusi, sheikh ananiongoza maneno. Nikasema, nimekuoza binti yangu. Hapo ndipo panapotajwa jina, na mimi hapo sikuona kitu. Uso wa binti yangu nauona, sauti yake naisikia. Jina halipo. Sheikh akalitamka yeye, polepole, ili nimfuatishe.

Nikamwuliza, "Huyo ni nani?"

Watu wakageuka kunitazama. Mmoja nyuma akasema, "Baba ana uchungu, mpeni maji." Sikuwa na uchungu. Sikuona haya wala hofu. Nilikaa pale kama gunia lililosahauliwa dukani. Sheikh akanong'onezana na wazee, akaniuliza leo siku gani, nikashindwa. Aliyepotewa na akili haozi. Baba yangu ameshafariki na mtoto wa kiume sina, kwa hivyo uwalii ukamwendea ndugu yangu mdogo. Akaketi mahali pangu, akaushika mkono ule niliokuwa nimeushika, akamwoza binti yangu. Mimi nikatazama.

Nilipelekwa hospitali na kanzu yangu ya arusi. Damu ikapimwa. Daktari, mwanamke kijana, akaja na majibu, akaniamkia shikamoo, kisha akamwuliza mke wangu mimi hula nini. Mke wangu akanitia mkono mfukoni, akatoa kopo, akamwekea mezani.

Daktari akalifungua, akanusa.

"Baba, mwili una kipimo chake," akasema. "Shingoni una tezi nne, kila moja kama punje ya mchele. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, zinaiamrisha mifupa itoe akiba, na figo zisiimwage. Ikizidi, zinanyamaza."

"Zangu zimenyamaza?"

"Kitambo. Na wewe unazidi kumimina. Mfupa hubomolewa na kujengwa kila siku kidogo kidogo, lakini hauchukui zaidi ya haja yake. Kinachobaki kinaziangukia figo, nazo zimelemewa. Chokaa, kwa ukali wake, ndiyo inazifanya ziishikilie kalsiamu badala ya kuitoa."

"Na akili?" mke wangu akauliza.

"Akili itarudi, mama. Naogopea figo. Zisipoamka ni mashine ya kusafisha damu, kila wiki, maisha yake yote."

Nilisikia kama naambiwa habari za mbuzi wa mtu.

Wakanitundikia maji, chupa baada ya chupa. Kopo likatupwa, maziwa yakakatazwa. Kisha ikageuka upande wa pili: midomo ikaanza kunichonyota, vidole vikakunjika vyenyewe. Daktari akasema zile tezi bado zimelala, kalsiamu ya damu imeshuka kupita kiasi. Wakanitia kalsiamu mshipani, kidogo. Mtu mwingine angecheka.

Binti yangu alikuja na mumewe kutoka Majoreni. Akasimama mbali na kitanda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mimi ni nani?"

Nikamtaja, jina lake, langu na la babu yake. Akaja akaketi miguuni pangu.

"Basi siku ile ulilificha wapi?" Akasema, "Ba' mdogo ananitania. Anasema mimi sasa ni mtoto wake, na wajukuu ni wake."

Hapo kifua kikanipanda. Hasira, ndogo tu, lakini ilikuwa ya kwanza tangu plasta. Nikakaa nayo.

Figo ziliamka, si kikamilifu. Daktari alisema nguvu iliyobaki inanitosha bila mashine, na tambuu basi. Ndugu yangu alikuwa ameshafungua kundi la mchango kwenye simu. Nikamwita, nikamwambia awarudishie watu pesa zao. "Umeniozea binti, hutanilipia na hospitali." Bima sikuwa nayo, nilikuwa nikisema ni ya waoga. Nikauza lori lile bovu, nikaenda dirishani kwa miguu yangu, nikalipa mwenyewe: shilingi laki moja, elfu themanini na sita, mia nne na hamsini.