Nilimupa "Bon" binti niliyemufundisha kazi mimi mwenyewe

Mutakaosoma, munisamehe mapema, juu katika kisa hiki mimi si muntu muzuri. Admin wa kundi hili amenihakikishia jina langu halitatoka, na jina la binti nimelibadilisha. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mujane, watoto wane. Niko mutumishi wa serikali hapa Kalemie, katika biro moja ndogo inayotegemea wizara ya usafiri. Sisi njo tunaandikisha mashua za ziwa, tunazipima, tunaandika ripoti zinazopanda mupaka Kinshasa.

Ili muelewe uchungu wangu, lazima nieleze wizara inakaa namna gani. Juu kabisa kuko waziri na watu wa kabine yake. Wale wanakuja na siasa na wanaenda na siasa. Waziri akibadilishwa, wote wanafunga mizigo. Chini yake kuko katibu mukuu, ule njo anabakia, anashika utumishi wote. Kisha wakurugenzi, kisha sisi wa mikoani. Na kila karatasi ya mutumishi inapita kwanza kwa mukubwa wake, ngazi kwa ngazi, hauruki muntu. Mukubwa wetu alipoenda pensheni, sasa ni miaka mine, niliambiwa nishike nafasi yake kwa muda, mupaka watakapotuma mwingine. Hawajatuma muntu mupaka leo.

Sasa kuko Solange. Ana miaka makumi tatu na ine. Alipofika hakujua hata kujaza kitabu cha mashua. Mimi njo nilimufundisha, nimekaa naye meza moja. Nilishuka naye bandarini asubuhi na asubuhi kumuonyesha namna ya kupima mashua, na namna ya kukatalia mashua iliyojaa kupita kiasi bila kutukanana na wenye mizigo. Haniiti Shefu, ananiita Mama, na mimi nilipenda hivyo.

Wivu ulianza siku waziri alipopita hapa. Tulipangwa mustari bandarini, mimi mbele, na kitenge kipya nilichoshonesha juu ya siku ile. Waziri akaniuliza kama mashua zinazoenda Moba ziko na jile, yale makoti ya kuokolea watu majini. Swali rahisi kabisa. Nikaanza kutafuta miwani ndani ya sakoshi ili nifungue kitabu. Solange akajibu nyuma yangu, polepole, mashua kwa mashua, bila karatasi. Waziri akamupa mukono, akauliza watu wake: "Huyu njo mukubwa wa hapa?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini ndani nilikuwa nawaka.

Tangu pale kila kitu chake kiliniuma. Kicheko chake kiliniuma, viatu vyake viliniuma, na vile wenye mashua wakifika wanamuuliza yeye kwanza. Siku moja aliletea watoto wangu samaki, mikebuka mizima ya kukausha. Nikasema moyoni huyu anajipendekeza, kisha nikaipika na nikakula. Najua ni aibu.

Mwezi uliopita barua ikashuka kutoka kwa katibu mukuu: wanataka kuweka mukubwa wa kudumu hapa kwetu, na dosie, mafaili ya watumishi, zitakazoangaliwa ni mbili, yangu na ya Solange. Ndani ya kila dosie lazima kuwe kotasyo, ni kusema alama za mwaka ambazo mukubwa anamupa mutumishi wake. Ziko ine, kutoka juu kushuka chini: Élite, Très bon, Bon, na Médiocre. Zangu zinawekwa huko juu. Za Solange, nani anaziweka? Ni mimi.

Solange ni Élite, hakuna anayebishana. Nikaandika Bon. Pale wanapoomba sababu, nikaandika kwamba anachelewa kuleta ripoti. Ni uongo mutupu. Ripoti zake zinafika mbele ya zangu.

Sasa, kanuni inaomba mutumishi asome alama zake na atie sahihi. Kama hakubali, ana haki ya kulalamika kwa maandishi. Nilimungojea nimejitayarisha kugombana, tena nilitamani agombane, nipate sababu ya kumuchukia vizuri. Akaingia, akaketi, akasoma mara mbili. Akasema: "Mama, mie sikujua kama nachelewa."

Nikamusogezea kalamu.

"Ingekuwa muntu mwingine ningelalamika," akasema. "Lakini weye hauwezi kuniandikia kitu cha bure. Nitajirekebisha, Mama. Usinichoke tu." Akatia sahihi, akanirudishia kalamu kwa mikono miwili.

Hiyo ilikuwa juma mbili zilizopita. Tangu siku ile anafika kazini saa kumi na mbili na nusu, mulinzi hajamaliza kufagia. Ripoti ya juma analeta siku mbili mbele ya siku yake, anasimama pembeni ya meza yangu na kuuliza: "Mama, leo niko kwa wakati?" Na mimi najibu ndiyo, nimeinamisha kichwa kwenye karatasi. Anahangaika kuponya ugonjwa ambao hana.

Dosie yake iko bado kwangu. Ndege ya Alhamisi njo itaibeba. Fomu moja tupu imebakia, naweza kuandika upya. Nikiandika ukweli, Solange atakuwa mukubwa wangu, na miaka inayonibakia mupaka pensheni nitakuwa namuomba mutoto niliyemufundisha kazi ruhusa hata ya kwenda hospitali. Inaniuma, sitadanganya. Lakini hiyo nafikiri ninaweza kuimeza.

Kinachonishinda ni kingine. Fomu mupya inaomba sahihi yake mupya. Ni kusema lazima nimuite, aketi pale pale, asome. Na ataniangalia, aniulize: "Mama, kumbe sikuchelewa?"

Ndugu zangu, Alhamisi iko karibu. Nishaurini. Nitamujibu nini?