Unga wa Chuma

Maabara nzima ilimwita Mama Chuma. Wenzake walitengeneza vichocheo, vitu vinavyoharakisha kemikali kugeuka bila vyenyewe kuisha, kwa madini adimu ya bei mbaya. Yeye alisema madini hayo ni ya wenye nacho, akashikilia unga wa chuma tangu ujana wake. Mumewe alikuwa akiwaambia wageni, "Mke wangu mimi kaolewa na kutu."

Hatimaye unga ukaitika. Gesi safi ya mitungi, ikipitishwa juu yake, iligeuka mafuta, siku nenda siku rudi. Akaupeleka kwenye mtambo wa taka, ambako takataka za mji huunguzwa zikatoa gesi. Asubuhi mafuta yalidondoka vizuri. Kabla ya chakula cha mchana yakakatika.

Fundi wa mtambo alifungua bomba. Unga ulikuwa umegandamana, mweusi tii.

"Salfa imeuua, dada yangu. Gesi ya huku imejaa salfa."

"Niliichuja."

"Basi chuja zaidi."

"Nikichuja zaidi, gharama itapita hayo madini yao."

Fundi akampa kitambaa afute mikono.

Nyumbani, mumewe alipomwona uso, utani ulimkauka mdomoni.

"Si utaanza tena?"

"Nianzie wapi, baba? Mwezi ujao nastaafu. Vijana wote wamekimbilia madini yao, chuma hakina mwenyewe."

Akaketi kitandani na viatu vyake. Mumewe akainama, akamvua kimoja kimoja, akamwacha alie.