Filamu Haijaisha

Wiki iliyopita tulimzika kule Nyakatuntu mpiga picha wetu, pembeni ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Wasomaji wangu wa Karagwe mnamjua hata nisipomtaja: yule aliyezunguka Ihanda yote na kamera kwenye baiskeli, mkali kama pilipili kwa bwana harusi anayechekacheka. Nimeumia, wala sioni aibu kusema.

Miaka ile baada ya vita vya huku mpakani filamu ilikuwa adimu. Ukipigwa picha leo, ulingoja filamu nzima iishe ndipo ipelekwe Bukoba kusafishwa. Subira huvuta heri, tulijiambia, na harusi moja iliingoja nyingine. Ndipo akaja mama mmoja mwenye asili ya Burundi, kibarua wa kupalilia kahawa. Bintiye alipigwa picha siku ya kipaimara, malaria ikamchukua kabla filamu haijafika nusu. Picha nyingine hakuwa nayo, na alisema ameanza kuusahau uso wa mwanawe.

Mpiga picha hakubishana naye. Aliikata filamu, akaisafisha mwenyewe kwa dawa alizokuwa nazo, ila mashine ya kukuzia picha hakuwa nayo. Alichukua kamera yake ya zamani iliyokwisha kuharibika, akang'oa mfuniko wa nyuma, akaweka kile kipande cha filamu na taa ya gari nyuma yake. Tulijifungia ghalani, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi, mimi nimeshikilia nyaya za betri. Kamera iliyozoea kumeza sura za watu safari hii ikatoa moja, ikaangukia kwenye karatasi ya picha. Karatasi ilipotoka dawani, mtoto alionekana amefumba macho.

Rafiki yangu mpiga picha alitaka kuichana. Alitoka nje akamwambia mama kwamba picha imeharibika, amsamehe. Mama alinyoosha mkono.

"Macho hayo niliyafumba mimi mwenyewe, baba. Nipe mwanangu."

Tangu siku hiyo, penye msiba hakungoja tena filamu iishe, na hasara aliibeba kimya. Nasikia huko ughaibuni sasa kuna kamera zisizotumia filamu kabisa. Heri yao. Sisi, katika miaka hii ya ukimwi, tumezika vijana ambao watoto wao hawatajua baba alifananaje.

Msibani kwake nilikuta ubishi. Picha yake pekee ya uzeeni imo ndani ya kamera yake mwenyewe, alipigwa na jirani. Wanawe walishauri ingojwe Jumapili ya kipaimara ili filamu imalizike. Mjane wake aliinua kichwa.

"Ikateni," alisema. "Angekuwa yeye angeikata."

Nawe msomaji, kama uso wa mtu wako umo ndani ya kamera, usiungojeshe harusi ya jirani.