Bangili nilizozikuta ndani ya kochi la mama mkwe

Assalamu alaikum. Admin, nifiche jina langu, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mama wa watoto wawili. Naishi Likoni, upande wa Shika Adabu, nyumba moja na mama mkwe. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu sasa, hata chakula hakipiti.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa aletewe posa. Tukaambiwa wageni watakuja Jumapili. Sebule yetu ilikuwa aibu tupu. Makochi aliyoyaacha marehemu baba mkwe yalikuwa yamechanika vitambaa, sponji imelala, ukikaa unagusa mbao. Fundi tuliyemwita alitaja bei, mume wangu akacheka tu. Nikasema nitayafanya mwenyewe. Nilikwenda soko la Kongowea nikachagua mapazia ya mtumba, yale mazito ya rangi ya kahawia, nikachukua na msasa, kopo dogo la vanishi na misumari midogo. Sponji sikununua. Niligeuza ileile ya zamani, juu nikaongeza godoro la mtoto lililochakaa, nimelikata kwa kisu cha jikoni. Viti viwili vidogo vikatoka vizuri mpaka nikajishangaa.

Mama mkwe akaniambia, "Hivyo vyatosha. Lile kubwa usiliguse, litandike shuka tu."

Nikadhani anamkumbuka mumewe, maana ndipo alipokuwa akilala mchana. Alhamisi mama alipokwenda kliniki ya presha, nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha. Nikalipindua lile kochi, nikang'oa kitambaa cha chini. Kwenye kona palikuwa na kifurushi cha kipande cha leso, kimeshonewa kwa mkono kwenye gunia la ndani. Nikakata uzi. Bangili mbili za dhahabu.

Nilikaa sakafuni, nikaziweka mapajani. Zilikuwa za mama mkwe, nyumba nzima tulizijua.

Zilipotea miaka minne iliyopita. Wakati huo tulikuwa tukiishi pamoja na kaka mkubwa wa mume wangu na mkewe, nimwite Mwanamisi. Mama mkwe akasema mwizi ni yeye. Mwanamisi akaapa kwa msahafu, analia, na mimba ya miezi mitano tumboni. Mama akamjibu, "Mtu aliyeiba ashindwe kuapa?" Kisha wakaniuliza mimi. Nikasema nilimwona akitoka chumbani kwa mama asubuhi ile. Na ni kweli nilimwona. Lakini alikuwa amebeba mashuka machafu, amekwenda kuyatoa akayafue, na hilo sikulisema. Wiki ile tulikuwa tumegombana jikoni, hatusemezani. Wallahi nilinyamaza kwa sababu hiyo tu. Siku ya tatu shemeji, mumewe, akamwandikia talaka. Leo shemeji ana mke mwingine na watoto. Mwanamisi yuko Magongo, anauza mahamri, analea mtoto ambaye baba yake hajawahi kumpakata.

Mama mkwe aliporudi alinikuta palepale, bangili ziko mapajani. Hakuniuliza nimezitoa wapi. Alifunga mlango, akanyoosha mkono.

"Nipe."

"Mama, ulijua?"

"Nilizificha mwenyewe, siku zile za matanga ya baba yenu, nyumba ilipojaa watu. Nikasahau, mwanangu. Kichwa changu si wakijua."

"Ulikumbuka lini?"

Alizichukua bangili, akazifunga katika kile kipande cha leso. Halafu akasema, bila kunitazama, "Alikuwa angali kwenye eda."

Yaani alikumbuka wakati shemeji bado angeweza kumrejea mkewe, mtoto hajazaliwa! Nikamwambia, "Basi tumwite shemeji leo hii, tumweleze." Akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Umweleze nini? Si wewe uliyesema umemwona akitoka chumbani? Ukinitoa mimi, nami nitakutoa. Lishone hilo kochi. Wageni Jumapili."

Nikalishona. Naona haya kuandika hapa, lakini nililishona, nikapiga msasa mikono yake, nikaipaka vanishi. Wageni walikuja. Mama wa mchumba akalipapasa, akauliza, "Mashallah, fundi wenu nani?" Mama mkwe akanishika bega mbele yao, akasema, "Mkazamwanangu huyu." Anacheka. Posa ikakubaliwa, vigelegele vikapigwa, mimi nikaingia jikoni nikalia.

Mume wangu nilimweleza. Akasema, "Mama ana presha. Ukilitoa hilo akafa, umemuua wewe." Tangu siku hiyo anakula na kutoka, hanitazami usoni.

Wifi yangu naye alipiga picha za sebule akaziweka mtandaoni, watu wakaona. Juzi Mwanamisi akanipigia. Miaka minne hatujasikizana sauti. Akasema, "Dada, nimeyaona makochi. Umefanyaje? Yangu yamekwisha kabisa, na fundi simuwezi. Njoo unionyeshe." Sauti yake haikuwa na kinyongo hata chembe. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nitakuja Jumamosi, inshallah." Kabla ya kukata akaniuliza, "Mama hajambo? Nisalimie."

Nikisema, mama mkwe anaweza kuanguka, ndoa ya shemeji itatikisika, harusi ya wifi yangu itaingia doa, na mimi huenda nikarudishwa kwetu na wanangu. Nikinyamaza, Jumamosi nitakaa na Mwanamisi sakafuni, yeye ashike kitambaa upande huu nami upande ule, anishukuru. Mtoto wake atakuwa anacheza karibu yetu, na wanasema amefanana na baba yake.

Ndugu zangu, najua wengine mtanitukana, na nimestahili. Lakini nishikeni mkono: nimwambie, au nife nalo? Na kama ni kumwambia, nianze na neno gani?