Nilijua Nani Aliitengeneza Gramafoni Ile

Kwa wiki saba watu wasiopungua mia tatu walitafuta jina la fundi aliyeitengeneza gramafoni yangu. Mimi jina nilikuwa nalo tangu siku ya pili.

Nikanyamaza. Tena kwa makusudi.

Naitwa Russ Tibbetts, wa Findlay, Ohio. Nina miaka sabini na moja, na maisha yangu yote nilikuwa fundi wa boila za shule. Mke wangu Joanne alifariki Februari. Kufikia Novemba nilikuwa nakunywa supu ya kopo nimesimama kwenye sinki, maana kukaa mezani peke yangu kulinishinda.

Gramafoni niliipata kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja. Kasha zuri la mbao, ila nembo ilishang'oka, yamebaki matundu mawili ya skrubu. Nikaipiga picha, nikaiweka mtandaoni kwenye kundi la wapenzi wa gramafoni za zamani. Nani aliitengeneza hii?

Kwanza walinicheka. Nilikuwa nimeandika jina lililo kwenye mota nikidhani ndilo lenyewe.

"Mzee, mota hiyo imo kwenye mashine za mafundi mia," akaniandikia mmoja. "Ni sawa na kumwita mtu kwa jina la fundi viatu wake."

Kesho yake nikafungua skrubu nikainua ubao wa juu. Chini yake palikuwa na maandishi ya penseli: W. Kreider, Lima, namba 7, Machi 1953. Lima ya hapa Ohio, si ya Peru.

Mbio mpaka kwenye kompyuta. Nimeanza kuandika, nikaona posti ya mwenzangu mmoja. Mashine yake ilikuwa imejulikana asubuhi ileile, na Gus, msimamizi wa kundi, ameandika "Imetambuliwa" na kufunga maoni. Ndiyo sheria ya pale. Jina likipatikana, mazungumzo basi.

Posti yangu ilikuwa na maoni sitini na mawili. Nyumbani kwangu hakuna aliyenisemesha tangu Jumapili.

Nikafuta nilichoandika.

Kuanzia hapo kila siku nikawa nawatupia picha moja. Leo mkono wa sindano, kesho bawaba. Wakabishana weee! Mshupavu kuliko wote alikuwa mama mmoja mzee aitwaye Marlys Oberlin. Kila asubuhi saa mbili ana dhana mpya, mara Chicago, mara Kanada. Akishamaliza ananiuliza nimekula nini. Nikisema supu, ananisuta mbele ya kundi zima. Kwa ajili yake nikaanza tena kuoka nyama ya kusaga, na kuila nimekaa.

Wiki ya sita jamaa wa Toledo akaandika kwamba pale Lima aliwahi kuwapo mtu akiitwa Kreider. Je, si huyo?

Kabla sijapumua, Marlys akajibu: "Hapana. Kreider alikuwa mtengeneza friji tu."

Nikashusha pumzi. Nikajisemea, mama wa watu kakosea, na kosa lake limeniokoa.

Baada ya hapo Marlys akapotea. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya nne kimya. Wengine waliendelea kubishana, lakini mimi nilikuwa nasoma nikitafuta jina moja. Niliogopa, siwafichi. Mtu wa umri ule akinyamaza, najua unachokiwaza, kwa sababu nilikiwaza.

Nikamwandikia faraghani, nikakiri yote. Penseli, Kreider, namba 7. Nikamwambia pia kwamba nilificha kwa sababu sina mtu wa kuzungumza naye. Sentensi hiyo ilinichukua saa nzima.

Jibu lilikuja na anwani. Lima, dakika arobaini na tano kwa gari. Chini yake ameandika, "Njoo nayo."

Mlango ulifunguliwa na mama wa miaka themanini na mbili, ameegemea mkongojo.

"Ingia, kijana, unaniletea baridi."

Nikaiweka gramafoni mezani. Hakuitazama. Alipitisha kidole ukingo wa nyuma mpaka kwenye alama ndogo ya kuungua, ambayo siku zote nilidhani ni ya sigara.

"Hapa niliweka chuma cha kulehemu," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi. Baba hakunipiga. Alisema, haya, sasa na wewe umetia sahihi."

Nikatafuta kiti.

"Ulijua lini?"

"Picha yako ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Kreider lilikuwa jina lake kabla hajaolewa. Mumewe ana miaka tisa kaburini. Zile Chicago na Kanada alikuwa akizitunga huku anakunywa kahawa. Ila siku alipoandika kwamba Kreider alikuwa mtengeneza friji tu, alizima kompyuta akalia.

"Nilimkana baba yangu," akasema, "ili nisikose mtu wa kumsalimia asubuhi."

Tuliliandika jina pamoja, pale mezani kwake: Walter Kreider. Gus akafunga posti baada ya dakika nne. Hakuna aliyewahi hata kuaga.

Wewe unayesoma, kama unamhitaji mtu, mwambie. Upweke ulinifanya mwongo uzeeni, na kumbe niliyemhitaji alikuwa mji wa pili tu.

Nyumba yangu bado ni kimya siku nyingi. Lakini gramafoni sikurudi nayo. Niliiacha Lima, kwa hiyo nikitaka kusikiliza santuri, sina budi kwenda.