Nilivyoinama Kwenye Kona ya Kulia

Nimelificha jambo hili vya kutosha. Nilikuwa fundi katika gereji moja hapa Élisabethville, na bwana mwenye gereji alikuwa akishindana kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni. Siku ya mashindano mwenzake akaugua, akanigeukia mimi. Alinieleza kazi ya mtu wa kigarini kwa Kifaransa, haraka haraka. Nilishika maneno machache tu, lakini nikajibu "oui", ndiyo, kila alipopumua. Miaka yote nilijisifu kwamba nakisikia Kifaransa, ningeulizaje sasa?

Mke wangu Filomena alinivuta kando. "Uko najua hii kazi kweli?"

"Niko najua, mama," nikasema. Akaenda kusimama na watazamaji kwenye kona ya kwanza.

Kona hiyo ilikunja kulia, upande wa kigari. Tulipoifikia, bwana akapaza sauti: "Penche!" Yaani inama: nilipaswa kuutoa mwili nje upande wa kulia, karibu niguse ardhi, ili uzito wangu uzuie gurudumu lisinyanyuke. Mimi nikainama, kichwa katikati ya magoti, kama mtu anayeungama. Gurudumu likapanda, tukatupwa majanini mbele ya watu.

Hatukuumia. Bwana akavua miwani, akaniuliza kwa Kiswahili: "Kumbe wewe hausikie Kifaransa?"

Nikajipangusa majani. Watu wote walikuwa wakinitazama, na Filomena akauliza polepole: "Na ile barua ya Kifaransa padri alituandikia juu ya mutoto wetu, ulinisomeaka nini?"